Tumbo la chini lisilopoa: vidonge, sindano, kitanzi, fiziotherapia au kisu?

Mtoto wa dada yangu alikuja Jumapili na mfuko mbadala wa kijani, akaumwaga wote juu ya mkeka. Pakiti mbili za doksisaiklini, moja imebaki vidonge sita. Metronidazoli. Gabapentini. Diklofenaki zilizofungwa kwenye kikaratasi kisicho na jina. Chupa ya maji ya lita moja na nusu yenye mizizi, maji yake rangi ya chai ya rangi. Na majibu matatu ya altrasaundi, ya vituo vitatu tofauti, yote yanasema hakuna tatizo.

"Ma'mdogo, ipi sasa?"

Ana miaka 27 na tumbo la chini limemshika mwaka wa tatu huu. Swali lake nalisikia kliniki kila wiki. Nimekuwa nesi-mkunga miaka 17, na karibu kila anayeuliza anataka nimpangie dawa kwa ukali: hii kali, hii kali zaidi, hii ndiyo kiboko. Mpangilio huo ndio uliojaza ule mfuko. Mimi nazipanga kwa maswali mawili. Maumivu yako yanafuata mwezi au hayafuati? Na je, unataka mimba ndani ya miaka miwili ijayo? Dawa iliyomtuliza jirani yako inaweza kuwa sahihi kabisa kwake na ikakupotezea wewe mwaka mzima, kwa sababu tu yeye ameshamaliza kuzaa na wewe hujaanza.

Mtaani tunaita chango. Kwenye faili huandikwa maumivu sugu ya nyonga, maana yake yako chini ya kitovu na yamekaa miezi 6 au zaidi. Majina yote mawili hayakuambii chanzo. Ndani ya chango mna endometriosisi, yaani nyama inayofanana na utando wa ndani wa kizazi kuota nje ya kizazi. WHO inakadiria inawagusa wanawake 10% walio katika umri wa kuzaa. Mna adenomiosisi, nyama hiyohiyo ikijichimbia kwenye msuli wa kizazi chenyewe. Mna uvimbe, makovu ya zamani ya PID (maambukizi ya kizazi na mirija ya uzazi), kibofu, utumbo, misuli ya sakafu ya nyonga iliyokakamaa, na mshipa wa fahamu ulionaswa kwenye kovu la upasuaji. Mara nyingi mtu mmoja anayo mawili au matatu kwa pamoja, ndiyo maana dawa moja humpunguzia nusu halafu ikakwama.

Kabla ya kulinganisha chochote, kuna ambao hawatakiwi kusoma makala bali kwenda hospitali leo: aliyekosa siku zake na anaumwa upande mmoja au anazimia (inaweza kuwa mimba iliyotunga nje), mwenye homa na uchafu unaonuka, aliyepata maumivu makali ya ghafla. Na wapo wa kwenda wiki hii: anayetokwa damu baada ya tendo au baada ya hedhi kukoma kabisa, na anayeona tumbo linajaa huku mwili unakonda.

## Daftari kabla ya dawa

Nilimpa binti daftari la shule la kurasa 32. Kila usiku aandike namba moja, sifuri hadi kumi, na herufi pembeni: D kama kuna damu, M kama mkojo uliuma, C kama choo kiliuma, T kama tendo liliuma, na jina la dawa kama alimeza. Miezi miwili tu. Najua wapo wanaotumia programu za simu na ni sawa, ila daftari nalifungua mezani kwa daktari na anaona yote kwa jicho moja.

Kurasa zake zilitoa picha mbili zilizopandana. Namba nane na tisa zilianza siku mbili kabla ya damu na kuisha siku ya tatu. Halafu kulikuwa na nne na tano zisizojali mwezi, zinazokuja baada ya kukaa muda mrefu kwenye daladala na siku baada ya T. Ya kwanza inanukia endometriosisi. Ya pili inanukia misuli. Altrasaundi ya kawaida haioni msuli uliokakamaa, na endometriosisi iliyotapakaa juujuu kama vidoa huipita bila kuiona. Ikikuta mfuko wa damu nzito kwenye ovari, hapo ndipo inasaidia sana. Kwa hiyo "hakuna tatizo" mara tatu haikumaanisha hana tatizo.

Kwa wasichana ambao hawajawahi kukutana na mwanamume, mama zao wengi huogopa hata kuwaleta. Altrasaundi hupimwa juu ya tumbo, na hakuna anayelazimika kupimwa ukeni ili aanze matibabu.

## Antibiotiki: duru nyingine, au basi?

Hapa nina hasira kidogo, mnisamehe. Mwanamke akisema tumbo la chini, anaandikiwa PID. Likirudi, anaandikiwa tena. Wapo waliofika kwangu na duru ya sita.

PID ya kweli hutibiwa, na ikitibiwa vizuri inaokoa mirija ya uzazi. Mpangilio unaotumika sana ni sindano moja ya seftriaksoni, pamoja na doksisaiklini mg 100 mara mbili kwa siku na metronidazoli mg 500 mara mbili kwa siku, zote mbili kwa siku 14 bila kuruka, na mwenzi naye atibiwe. Unatakiwa uone nafuu ndani ya siku tatu. Usipoiona, unarudi kupimwa upya, huongezewi pakiti nyingine.

Tofauti na hapo, maumivu ya miaka mitatu, yasiyo na homa, yasiyo na uchafu mpya na yanayokuja na mwezi, hayana mdudu wa kuuawa. Makovu ya PID ya zamani huweza kuuma miaka, lakini kovu halisikii doksisaiklini. Vivyo hivyo "UTI sugu": kabla ya kidonge kingine omba mkojo uoteshwe maabara. Ukiota mdudu, dawa ichaguliwe kwa mdudu huyo. Usipoota mara mbili, acha kutibu UTI na uanze kukishuku kibofu chenyewe au misuli inayokizunguka.

Kuna mdudu mmoja ambaye mara nyingi husahaulika, na kwetu yupo: kichocho cha mkojo. Kwa aliyekulia Pemba, Kwale, Kilifi au kijiji chochote chenye mabwawa na vijito vya kichocho, mayai ya mnyoo yanaweza kukaa kwenye shingo ya kizazi na uke, yakaleta maumivu, damu baada ya tendo na uchafu usiosikia dawa za zinaa. Prazikwanteli, mg 40 kwa kila kilo ya uzito kwa mkupuo mmoja, huua minyoo mikubwa. Vidonda vya zamani huchelewa kupona na vingine hubaki. Taja ulikokulia hata kama daktari hakuuliza.

## Ibuprofeni au chupa ya maji ya moto?

Dawa za kundi la ibuprofeni, diklofenaki na asidi ya mefenamiki hupunguza prostaglandini, kemikali inayokifanya kizazi kijikaze. Panadol inatuliza maumivu ila haigusi sana kemikali hiyo, ndiyo maana kwa maumivu ya hedhi ibuprofeni huishinda.

Lakini wengi wanaimeza kwa mtindo wa zimamoto. Moto ukishashika, wanatafuta kidonge. Mimi namwambia mtu ameze kabla: daftari likionyesha maumivu huanza siku mbili kabla ya damu, anza jioni ya kuamkia siku hiyo, mg 400 kila baada ya saa nane, baada ya kula, kwa saa na si kwa maumivu, siku tatu hadi nne kisha acha. Vidonda vya tumbo, figo, pumu inayochokozwa na aspirini, presha isiyotulia, au mimba, yote haya yanakutoa kwenye kundi hili mpaka uongee na daktari. Na usichanganye ibuprofeni na diklofenaki siku moja ukidhani unaongeza nguvu, unaongeza vidonda.

Joto sasa. Mwaka 2001 ulichapishwa utafiti uliolinganisha pedi ya joto ya kuvaa tumboni na ibuprofeni mg 400 kwa maumivu ya hedhi, joto likatoka sare na kidonge, na waliotumia vyote viwili walipata nafuu mapema zaidi. Kwa hiyo bibi aliyekukanda na kitambaa cha maji ya moto alikuwa anatibu. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga, dakika ishirini, chini ya kitovu au kiunoni. Tangawizi nayo ina tafiti ndogondogo za kuitetea siku tatu za mwanzo wa hedhi.

Joto la nje, basi. Kujifukiza ukeni kunaunguza ngozi laini na hakufiki kwenye kizazi. Vile vifurushi vya mitishamba vya kuingiza ndani "kusafisha kizazi" nimeviona vikitoka na ngozi. Mizizi ya kunywa siwezi kuisemea moja kwa moja, kwa sababu kila chupa ina vyake. Namwomba tu anayetumia amwambie daktari, hasa kama anakunywa dawa nyingine.

Vipe vyote hivi mizunguko mitatu. Kama bado unalala kitandani siku mbili kila mwezi, umeshavijaribu vya kutosha.

## Homoni dhidi ya homoni

Nia ni moja: kuizimisha hedhi, ili nyama inayovuja damu kila mwezi ipumzike. Njia ni nyingi, na hapa ndipo lile swali la mimba linapoamua.

| Njia | Damu inakuwaje | Ukitaka mimba | La kuangalia |
|---|---|---|---|
| Vidonge vya majira bila kupumzika | Matone miezi ya mwanzo, kisha hupungua au hukata | Unaacha, uwezo hurudi upesi | Presha, historia ya damu kuganda, kipandauso chenye vimulimuli, sigara ukiwa na miaka 35 au zaidi |
| Sindano ya miezi mitatu | Matone yasiyo na mpangilio; karibu nusu hukata ndani ya mwaka | Huchelewa, wastani miezi 10 tangu sindano ya mwisho | Uzito, mifupa kupungua uzito wake wakati wa matumizi |
| Kitanzi chenye homoni | Matone miezi 3 hadi 6, kisha kidogo sana | Kinatolewa, uwezo hurudi upesi | Kuwekwa kunauma, bei, hakipatikani kila kituo |
| Dienogesti (kidonge cha homoni) mg 2 kila siku | Matone, kisha hupungua au hukata | Uwezo hurudi upesi | Bei. Moyo kushuka kwa baadhi. Isihesabiwe kuwa uzazi wa mpango |
| Goserelini, sindano ya kila mwezi | Hukata kabisa | Hurudi baada ya miezi michache | Joto la ghafla, jasho, usingizi, mifupa; kwa kawaida si zaidi ya miezi 6 bila homoni ya kufidia |

Jedwali halisemi mambo matatu ambayo wagonjwa wangu hukosea.

La kwanza ni pakiti ya majira. Ile yenye vidonge 28 ina vidonge saba vya kahawia mwishoni. Hivyo ni madini ya chuma, havina homoni, na ndivyo vinavyoruhusu damu itoke. Anayetibu maumivu anaviruka na kuanza pakiti mpya siku inayofuata. Ukivimeza, unajirudishia siku zilezile unazozikimbia. Nimekutana na mwanamke aliyesema "majira hayakunisaidia" kumbe kila mwezi alikuwa anameza kahawia zote saba kwa uaminifu.

La pili ni neno kitanzi. Vituo vyetu vingi vikisema kitanzi vinamaanisha cha shaba. Kitanzi cha shaba ni kinga nzuri ya mimba, lakini kinaweza kuongeza damu na maumivu ya hedhi, yaani kinyume kabisa na tunachotafuta. Chenye homoni kina levonogestreli mg 52 na hufanya kazi zaidi ndani ya kizazi. Kwa adenomiosisi na damu nyingi ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Kwa kuwa kwa wengi hakizuii yai kutoka, maumivu ya katikati ya mwezi yanaweza kubaki. Kabla hujapanda kitandani, uliza: hiki ni cha shaba au cha homoni?

La tatu ni dawa nyingine unazotumia. Rifampisini ya TB na efavirenzi ya VVU hupunguza nguvu ya majira na kijiti. Sindano ya miezi mitatu haiathiriki hivyo.

Majira na sindano hutolewa bure kwenye kliniki za uzazi wa mpango za serikali Tanzania, na kwa wengi hilo tu linamaliza ubishi. Wala hawapati dawa hafifu. Huko Uingereza waliwafuata wanawake 405 waliokwisha kufanyiwa upasuaji wa endometriosisi, wengine wakipewa sindano au kitanzi chenye homoni, wengine majira. Matokeo yalichapishwa 2024: baada ya miaka mitatu maumivu yalikuwa yamepungua kwa kiasi cha 40% pande zote mbili. Tofauti ilikuwa kwamba wa sindano na kitanzi walirudi upasuaji mara chache zaidi. Goserelini na ndugu zake naziweka mstari wa pili, za kujaribu pale hizi zimeshindwa. Na kwa anayeanza goserelini: wiki mbili za mwanzo maumivu yanaweza kupanda kabla hayajashuka, usikimbie.

Ugumba? Kila siku naulizwa. Homoni hizi haziharibu kizazi. Sindano inachelewesha, basi. Anayetaka mimba mwakani asianze sindano mwaka huu.

## Homoni au laparoskopi

Upasuaji wa matundu madogo huingiza kamera kitovuni, na endometriosisi ikionekana inakatwa au kuchomwa papo hapo. Zamani tuliambiwa bila kamera hakuna jibu. Mwongozo wa ESHRE, chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya, wa 2022 ulilegeza hilo: dalili zikielekeza na vipimo vya picha havionyeshi kitu cha kutisha, homoni zinaweza kuanza bila kupasua, na laparoskopi ikabaki kwa ambao homoni hazikufaa au hazifai.

Kama hutafuti mimba sasa, ninavyoona mimi homoni zitangulie. Zinaanza leo, zinaachwa kesho, na hazikulazi wodini. Upasuaji una dawa ya usingizi, gharama, na safari ya hospitali ya rufaa au ya kanda, na bado baada yake utaambiwa utumie homoni, kwa sababu endometriosisi hurudi: kwa makadirio yanayotajwa sana, baada ya miaka mitano imerudi kwa 40 hadi 50 kati ya kila wanawake 100.

Kama unatafuta mimba, ubao unageuka. Homoni zote za kwenye jedwali zinazuia mimba au zinaichelewesha, kwa hiyo kila mwezi unaozitumia ni mwezi uliouacha. Hapa laparoskopi ina hoja. Utafiti wa Kanada wa 1997 uliwachukua wanawake 341 wenye ugumba na endometriosisi ndogo: waliokatwa walishika na kuilea mimba kupita wiki 20 kwa takriban 31%, waliotazamwa tu kwa kamera takriban 18%. Tahadhari ni ovari. Kutoa mfuko wa damu kwenye ovari huondoka na sehemu ya akiba ya mayai, hivyo mwenye miaka 36 na mifuko pande zote mbili aongee na mtaalamu wa uzazi kabla ya kuongea na kisu.

Kuna upasuaji mwingine wa matundu ambao sifa zake zimezidi kazi yake. Kukata makovu yaliyoshikamanisha matumbo: Uholanzi walipowagawa wagonjwa 100, nusu wakakatwa makovu na nusu wakatazamwa tu, pande zote mbili zilipata nafuu sawa, matokeo yakatoka 2003. Kukata neva zinazopita nyuma ya kizazi: Uingereza, wanawake 487, 2009, hakuna faida. Ukiambiwa moja kati ya hizo ndiyo tiba yako, uliza kwa nini.

## Fiziotherapia au vidonge vya mishipa?

Sasa ile nusu ya pili ya daftari la binti, zile nne na tano za daladala.

Sakafu ya nyonga ni kama machela ya misuli kutoka mfupa wa kinena hadi kifandugu. Mtu anayeumwa miaka mitatu huikaza bila kujua, kama unavyokunja uso jua likiwa kali, na ikikaza muda mrefu inauma yenyewe hata chanzo cha kwanza kikiondoka. Tendo linauma, kukaa kunauma, mkojo unaanza kwa kusita. Mtaalamu hubonyeza msuli kwa kidole kimoja ndani ya uke na kukuuliza, "Ni haya?" Wengi hujibu kwa machozi, maana ni mara ya kwanza mtu ameyagusa yenyewe.

Tiba ni kulegeza. Nasisitiza kulegeza, kwa sababu mitandao imejaa mazoezi ya kubana uke, ya Kegel, kama dawa ya kila kitu cha kike. Kwa misuli iliyolegea baada ya kuzaa yanafaa. Kwa iliyokwisha kukakamaa yanaongeza. Namna ya kuanza nyumbani: lala chali mkekani, magoti yamekunjwa na mto chini ya kila moja yakianguka pembeni, mkono mmoja tumboni. Vuta pumzi mpaka mkono upande, na uache njia ya chini ishuke kama unavyoanza kukojoa, bila kusukuma. Toa pumzi polepole, usibane. Dakika tano, mara mbili kwa siku. Kliniki huongeza kukanda sehemu zilizofunga mafundo, kwa wiki nane hadi kumi na mbili.

Ushahidi wake si mdogo. Amerika Kaskazini, mwaka 2012, wanawake 81 wenye maumivu ya kibofu na misuli iliyokaza: kati ya waliokandwa misuli ya nyonga, 59% walisema wamepata nafuu; kati ya waliokandwa mwili mzima kwa kawaida, 26%.

Gabapentini, ile dawa ya mishipa ya fahamu iliyokuwa kwenye mfuko, ilipimwa Uingereza kwa wanawake 306 wenye maumivu sugu ya nyonga ambao laparoskopi haikukuta ugonjwa. Matokeo yalitoka 2020: haikuishinda dawa bandia, na iliongeza kizunguzungu na usingizi. Binti alikuwa akiinywa miezi minne na kusinzia kazini. Nilimwambia arudi kwa aliyemwandikia ili aipunguze taratibu, maana haikatwi ghafla. Amitriptilini ya mg 10 usiku ina nafasi, hasa pale kibofu au utumbo vinahusika na usingizi umepotea. Inaleta ukavu wa mdomo na choo kigumu, na nafuu yake huonekana baada ya wiki kadhaa. Kati ya viwili, kwa maumivu ya misuli, fiziotherapia kwanza. Shida yake ni kuipata: wataalamu wa nyonga ni wachache na wako miji mikubwa. Piga simu idara ya fiziotherapia, uliza kama yupo mwanamke anayeshughulikia nyonga, na uliza bima yako inalipia vipindi vingapi.

Ushauri wa kisaikolojia nauweka hapohapo. Maumivu ni ya mwilini. Ila mfumo wa fahamu uliokaa kwenye hatari miaka mitatu hujifunza kupiga kelele kwa kitu kidogo, na unaweza kufundishwa kutulia.

Kwa haraka, mengine yasiyofuata mwezi. Yanaongezeka kibofu kikijaa na kupungua ukikojoa, huku mkojo ni safi: punguza kahawa, soda, pilipili na malimao wiki tatu uone. Yanapungua ukipata choo, na tumbo hujaa gesi: tibu utumbo. Na kama ni nukta moja karibu na kovu la upasuaji wa kujifungua, lala chali, weka kidole juu yake, inua kichwa na mabega. Ikiuma zaidi, tatizo linaelekea liko kwenye ukuta wa tumbo, na sindano ya ganzi mahali hapo inaweza kuwa kipimo na tiba kwa wakati mmoja.

Binti anaolewa Desemba na anataka mtoto mapema. Tulichagua pamoja na daktari wake: majira bila kupumzika mpaka mwezi wa harusi, ibuprofeni kwa saa endapo damu itapenya, na mkeka kila asubuhi na jioni. Sindano tuliikataa kwa sababu ya ile miezi kumi. Laparoskopi inasubiri, mimba ikichelewa miezi sita, hatangoji mwaka.

## Kutoa kizazi, au kubaki nacho

Kwa mwenye adenomiosisi au uvimbe mkubwa, aliyemaliza kuzaa na kuchoka na damu, kutoa kizazi hufanya kazi nzuri. Kwa maumivu sugu ambayo chanzo chake hakijajulikana, ni kamari: tafiti za ufuatiliaji zinaonyesha kati ya mmoja na wawili kwa kila watano huendelea kuumwa. Endometriosisi iliyo nje ya kizazi haitoki na kizazi isipokatwa nayo. Misuli haitoki. Kibofu hakitoki.

Nina kipimo changu kidogo, si cha uhakika ila hunisaidia kuzungumza na wagonjwa. Izime hedhi kwanza kwa homoni miezi mitatu. Damu ikikata na maumivu yakakata nayo, kizazi kina kesi ya kujibu. Damu ikikata na maumivu yakabaki vilevile, tafuta kwingine kabla hujasaini.

Na kama unasaini, uliza maswali haya kwa sauti na mume au dada yako akiwa chumbani: Ovari zinabaki au zinatoka? Zikitoka nikiwa chini ya miaka 45, nitapewa homoni ya kufidia kwa ajili ya mifupa na moyo, na nitaipata wapi kila mwezi? Endometriosisi ikionekana itakatwa siku hiyohiyo? Na wewe daktari, katika hali yangu, unatarajia namba yangu ya usiku ishuke kutoka ngapi hadi ngapi?